UZI: Njia za baiskeli katikati ya jiji, tuanzie kwenye makutano

Mchora_Barabara (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila jiji likitangaza kwamba linajenga njia za baiskeli, mchoro unaotolewa ni uleule: barabara imenyooka, njia imepakwa kijani, mama na mtoto wanapita wakitabasamu, mti unawapa kivuli. Kwenye mchoro huo hakuna makutano. Hakuna kituo cha basi, hakuna geti la maegesho, hakuna lori linaloshusha mzigo. Mimi kazi yangu ni kuchora barabara, na kipande kilichonyooka hata mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo anakimaliza kabla ya saa sita mchana. Pesa, ajali na ugomvi viko kwenye kona. Nimefungua uzi huu tulichambue jambo hili, na nawaomba madereva, wenye maduka na mafundi wa ujenzi msikae pembeni.

Kabla ya kona, tukubaliane njia inajengwa kwa ajili ya nani. Mwaka 2006 Roger Geller, mratibu wa baiskeli wa jiji la Portland, Marekani, aliwagawa wakazi mafungu manne. Wasioogopa chochote hawafiki asilimia 1. Wanaothubutu wakipata nafasi kidogo ya kupita ni kama 7. Wasiotaka hata kusikia ni kama 33. Waliobaki, karibu 60, wanatamani baiskeli ila wanaogopa magari. Yalikuwa makadirio yake, lakini tafiti za baadaye zilionyesha hakuwa mbali. Sasa angalia nani huwahi kufika kwenye vikao vya kupanga njia: yule wa asilimia 1, mwenye kofia ngumu na nguo za mashindano. Atakwambia mstari wa rangi unatosha, na kwake ni kweli. Mimi namtafuta yule anayeogopa. Kipimo changu ni kimoja tu: mzazi angemwacha mtoto wa miaka 10 aendeshe mbele yake hadi mwisho wa njia, kona zote zikiwemo? Kama jibu ni hapana, rudi mezani.

Halafu kuna suala la mtandao. Njia moja haitoshi hata ikiwa nzuri namna gani. Uholanzi mwaka 1971 ilipoteza watu zaidi ya 3,000 barabarani, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakaingia mitaani kudai hatua. Miaka ya 1970 serikali ikagharimia njia ya mfano Tilburg na nyingine The Hague, zote za gharama na za kupendeza. Waliozijaza ni watu waliokuwa tayari wanaendesha kwenye mitaa ya jirani. Walihama tu, wapya wakawa wachache. Delft wao, miaka ya 1980, waliunganisha mji mzima kwa ngazi tatu: njia za kukatiza mji, njia za kata, na vichochoro vya kufikia nyumba. Hapo ndipo baiskeli zikaongezeka kweli.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Sevilla, Hispania, kwa sababu pale baiskeli ilikuwa karibu imekufa. Kuanzia 2006 walijenga takribani kilomita 80 kwa mkupuo, na kufikia 2010 zikawa kama 120. Safari za baiskeli zikatoka kama 6,000 kwa siku hadi kama 70,000. Mbinu yao haikuwa ya ajabu. Waliondoa safu ya magari yaliyoegeshwa, wakainua sehemu ile hadi usawa wa njia ya miguu, wakaipaka kijani, upana mita 2.5, wanaokwenda na wanaorudi wakitumia upande mmoja wa barabara. Mchoraji makini atakwambia ni nyembamba, na ni kweli, wakipishana wawili wenye mizigo mmoja anapunguza mwendo. Lakini ukiingia kwenye njia hiyo unafika unakokwenda bila kutupwa katikati ya magari.

Kuna jambo ambalo wanasiasa huliruka kwa kuwa halina picha nzuri: magari yatapita wapi. Septemba 1977 mji wa Groningen, Uholanzi, uligawa katikati yake sehemu nne. Gari likitaka kutoka sehemu moja kwenda nyingine haliwezi kukatiza. Linarudi hadi barabara ya mzunguko, linazunguka, linaingia upya. Baiskeli inapita moja kwa moja. Gent, Ubelgiji, walifanya jambo la aina hiyo Aprili 2017 kwa kanda sita. Kinachotumika ni mabango, vizuizi na kubadili uelekeo wa mitaa. Zege ni kidogo mno. Na matokeo yake mitaa mingi ya katikati haihitaji njia ya baiskeli kabisa, kwa sababu magari ya kupita tu yameondoka. Mtaa wenye magari kama 2,000 kwa siku au pungufu, mwendo ukiwa kilomita 30 kwa saa, watu wanachanganyika vizuri. Msiidharau hiyo 30: gari lilelile likienda 50 linabeba nishati karibu mara 2.8 ya likiwa kwenye 30, na nishati hiyo ndiyo inayovunja mifupa.

Sasa kona yenyewe. Gari linakata kuingia mtaa wa pembeni, baiskeli inanyoosha, wote wana taa ya kijani. Ukiwa umechora njia ya baiskeli imegandana na magari hadi kwenye mstari wa kusimama, dereva anatakiwa amwone mwendesha baiskeli kwenye kioo cha pembeni, nyuma ya bega lake, wakati huohuo anaangalia watu wanaovuka mbele. Ni sekunde mbili. Hawezi, hata awe mwangalifu vipi.

Waholanzi huikunja njia ikaingia ndani kidogo kabla ya kuvuka, kama mita 5, urefu wa gari dogo. Dereva akifika pale ameshamaliza kukata kona, baiskeli iko mbele ya kioo kikubwa, naye anaenda polepole. Akisimama kumpisha, mkia wa gari hauwazuii walio nyuma. Kwenye pembe kinabaki kisiwa cha zege ambacho kinalazimisha kona iwe kali, hivyo hakuna wa kuikata kwa kasi. Anayetaka kugeuka kuvuka upande wa pili wa barabara anafanya kwa hatua mbili: ananyoosha, anasubiri nyuma ya kisiwa cha pili, anavuka na taa inayofuata. Hakuna kujichomeka katikati ya magari huku umenyoosha mkono unaomba Mungu.

Kwenye taa zenye magari mengi yanayokata, tenganisheni zamu kabisa. Baiskeli zipewe kijani chao, magari ya kukata yasubiri. Wahandisi wa taa watalalamika kwamba sekunde zinapotea. Zinapotea, ndiyo.

Naishia hapa kwa sasa, karibuni.

---

Gurudumu_Mbili

Mkuu umegusa mulemule. Mimi naendesha kila siku na kinachonikera ni njia inayoisha mita 30 kabla ya makutano. Unaenda umetulia, mara alama ya baiskeli imekwisha, unajikuta kati ya basi na lori. Baada ya makutano njia inaanza tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Wanaochora hivi huwa wanafikiri tunapaa?

---

Mchora_Barabara

Mdau, nikueleze inavyotokea maana nimekaa kwenye vikao vyake. Karibu na makutano, barabara hupanuliwa ili magari yapate njia ya ziada ya kusubiri kukata kona. Nafasi inaisha. Kuna kikokotoo cha foleni kinachoonyesha sekunde ambazo kila gari litachelewa, na hakuna kikokotoo cha woga wa mtu wa baiskeli. Basi kitu kisicho na namba kinafutwa. Njia ya kutoka hapo ni kuchora makutano kwanza, na kugawa nafasi pale kabla hujagusa kipande kilichonyooka. Ukianza na makutano, mkutano mgumu unafanyika mapema, kabla waziri hajapiga picha.

---

Mzee_wa_Foleni

Porojo. Barabara ya katikati ya jiji imejaa magari hadi pomoni halafu mnachukua njia nzima mnawapa watu wachache. Nikipita huwa naziona tupu.

---

Gurudumu_Mbili

Mzee wangu, unaziona tupu kwa sababu baiskeli hazisongamani. Watu 20 kwenye taa wanaisha kwa sekunde chache, watu 20 ndani ya magari 17 wanajaza mtaa mzima.

---

Mchora_Barabara

@Mzee_wa_Foleni, shikamoo. Hoja yako ni ya haki na ina jibu la namba. NACTO, umoja wa idara za usafiri za majiji ya Amerika Kaskazini, unakadiria kwamba njia moja ya barabara ya mjini yenye magari binafsi hupitisha watu 600 hadi 1,600 kwa saa. Nafasi hiyohiyo ikiwa njia ya baiskeli iliyotengwa, ya pande mbili, inaweza kupitisha hadi 7,500. Huo ni uwezo, sisemi watatokea 7,500 siku ya kwanza. Kama njia haiungani na kitu itabaki tupu na wewe utakuwa sahihi kuinung'unikia.

---

Mwenye_Duka

Mimi niongee kama mfanyabiashara. Duka langu lina nafasi mbili za kuegesha mbele. Mkiziondoa, mteja wa kununua kitu kizito atakwenda kwingine. Nyie mnachora, hasara tunabeba sisi. Na wakati wa ujenzi mtachimba mbele ya mlango miezi, vumbi, kelele, wateja wanaruka mtaro. Nani analipa?

---

Mchora_Barabara

Kaka, sitakudanganya kwamba hakuna anayeumia. Vancouver, Kanada, walipoweka njia iliyotengwa kwenye mtaa wa Hornby mwaka 2010, tathmini ya mwaka uliofuata ilikuta maduka ya pale yameripoti kupungukiwa mauzo kwa kiasi. Liliandikwa wazi, na mimi nawaheshimu kwa hilo. Toronto mtaa wa Bloor mambo yalikwenda kinyume: njia ya majaribio ya 2016 ilifuatiliwa kabla na baada, na wateja waliotembelea maduka pamoja na matumizi yao vikaongezeka.

Tofauti inatoka wapi? Kwanza wateja wako wanafikaje. Kwenye sehemu ya Bloor iliyofanyiwa utafiti mwaka 2009, wateja waliofika kwa gari walikuwa kama asilimia 10 tu, na wenye maduka walidhani ni wengi zaidi ya hapo. Mwenye duka anamkumbuka aliyeegesha mbele ya mlango kwa sababu alimwona akishuka. Aliyekuja kwa miguu ameingia tu. Kabla ya kupinga au kukubali, waulize wateja wako wiki moja kwenye kaunta, ukiandika kwenye daftari. Ukikuta nusu wanakuja na gari, njoo na daftari hilo kikaoni, litasikilizwa kuliko kelele.

Suala la ujenzi umesema kweli na watu wa mipango hulikwepa. Mkataba uandikwe kwamba mkandarasi hafungui mtaa mzima. Afungue kipande, amalize, arudishe, ndipo aende kingine, na mlango wa kila duka uwe na daraja la mbao lenye kingo saa zote za biashara. Hilo liwe na adhabu kwenye mkataba. Likibaki kama ombi, halitafanyika.

---

Mwenye_Duka

Daftari nitaliandika. Lakini kipengele cha adhabu huwa hakifuatiliwi, hilo ulijue.

---

Suka_wa_Lori

Na sisi tusio na pa kusimama? Mzigo wa maduka yote hayo unaletwa na nani? Mkiweka jiwe la ukingo kati ya njia yenu na barabara, nashusha wapi kreti 40? Nikisimama kwenye njia ya baiskeli napigwa picha natukanwa, nikisimama barabarani napigiwa honi. Halafu mnavyozungumzia kona: lori langu likikata, upande wa abiria sioni kitu karibu na tairi la mbele. Sio kwamba sitaki kuona.

---

Mchora_Barabara

Suka, nilikuwa nakusubiri wewe.

La kushusha mzigo: kila kipande cha mtaa kati ya makutano mawili kipate angalau nafasi moja ya kushushia, iwe upande wa barabara, na kati yake na njia ya baiskeli kuwe na ukanda wa kusimama mtu na toroli. Ukingo ushushwe pale ili toroli livuke bila kunyanyuliwa. Mzigo mkubwa upangiwe saa za alfajiri. Na nafasi hiyo isipewe magari madogo kuegesha, maana ndiyo yanayokusukuma wewe ukasimame kwenye njia ya baiskeli. Asilimia kubwa ya ugomvi unaouona kati ya lori na baiskeli chanzo chake ni gari dogo lililolala mahali pa lori.

La kona: kisiwa cha pembe kikichorwa kwa ajili ya gari dogo, lori litakipanda. Kwa hiyo kingo zake mara nyingine hujengwa ngazi mbili: sehemu ya nje imeinuliwa kidogo na ni ya mawe yasiyo laini, dereva wa gari dogo anaikwepa kwa kuwa inamtikisa, tairi la nyuma la lori linapita juu yake bila shida. Ndani yake ndipo kisiwa chenyewe kirefu, pale mtu anaposimama. Kuhusu usichokiona, London sasa lori la zaidi ya tani 12 halipiti bila kibali kinachoangalia dereva anaona kiasi gani moja kwa moja kutoka kwenye kiti chake. Mengine yanamalizwa na mtengenezaji wa lori. Mchoraji peke yake hawezi.

---

Suka_wa_Lori

Hilo la ngazi mbili nalikubali. Nimeshapanda visiwa vingi vya watu.

---

Fimbo_Nyeupe

Habari za humu. Mimi ni mtu asiyeona, natembea na fimbo. Nimesoma uzi wote kwa programu ya kusoma skrini na kila mtu ametajwa isipokuwa sisi.

Mchora, umesifia Sevilla kwa kuinua njia ya baiskeli hadi usawa wa njia ya miguu. Je, fimbo yangu itajuaje nimevuka? Rangi ya kijani kwangu ni sawa na nyeupe. Baiskeli haina sauti. Najua nimeingia kwenye njia yake pale kengele inapolia karibu na sikio, au ninapoguswa na usukani. Na vituo vya basi mnavyovijenga siku hizi, vile ambavyo baiskeli inapita nyuma ya kituo, mimi nashuka kwenye basi nakuta niko kisiwani. Ili nifike njia ya miguu lazima nivuke baiskeli ambazo sizisikii. Zamani nilishuka moja kwa moja hadi ukutani. Kwangu hii ni kurudi nyuma.

---

Gurudumu_Mbili

Dada/kaka Fimbo, asante kwa kusema. Sikuwahi kufikiria suala la kituo cha basi kwa upande huo.

---

Mchora_Barabara

@Fimbo_Nyeupe, pole na ahsante, hili ndilo eneo ambalo miongozo ya majiji mengi bado inayumba.

Usawa uleule bila tofauti ya kimo sipendekezi mahali penye watu wengi, hata kama Sevilla wamefanya. Copenhagen wana ngazi mbili: kutoka barabara ya magari unapanda ukingo hadi njia ya baiskeli, kutoka njia ya baiskeli unapanda ukingo mwingine hadi njia ya miguu. Kila anayevuka anajua amevuka. Utafiti uliofanywa Uingereza na watu wasioona ulionyesha ukingo unatakiwa kuwa angalau milimita 60 ili utambulike kwa uhakika. Chini ya hapo fimbo inauteleza.

Kituo cha basi: baiskeli kupita nyuma ni bora kwa anayeiendesha, vinginevyo basi na baiskeli vinakatizana kila dakika chache. Lakini kama njia inapita nyuma, basi pale pa kuvukia njia ya baiskeli iinuliwe hadi usawa wa njia ya miguu, ipinde kidogo ili mwendo upungue wenyewe, na sakafu ya vinundu ianzie kwenye mlango wa basi ikuongoze hadi kivukoni, bila kuachia nusu njia. Kisiwa kiwe kipana vya kutosha mtu ashuke, asimame, asikilize. Nimeona vilivyojengwa mita moja na nusu kwa upana, abiria wakishuka wengi, walio nyuma wanasukumwa kwenye baiskeli. Hicho si kituo. Mahali ambapo nafasi haitoshi kwa kisiwa kipana, hamisha kituo, au hamisha baiskeli mtaa wa pili.

---

Fundi_Lami

Sasa mmefika kwangu. Hiyo milimita 60 wima mnayoisema, mwendesha baiskeli atakuja kunililia. Pedali ikiwa chini kabisa inakaribia sana ardhi, na akiinamisha baiskeli kidogo kwenye kona inagonga jiwe, anaruka mbele. Ndiyo maana ukiweka jiwe refu la wima pande zote mbili, watu wanakimbia kingo wote wanapita katikati. Umelipia mita 2, unapata moja na nusu.

Tunachofanya tukipewa uhuru ni kutumia jiwe lenye mteremko. Uso wake unalala ukielekea kwenye njia ya baiskeli, hivyo tairi likiugusa linapanda au linateleza taratibu, mtu haanguki. Kimo chake ni kilekile, na fimbo ya Fimbo_Nyeupe inaukuta. Ila nimewahi kuletewa mchoro unaosema "jiwe la ukingo" basi, bila aina wala kimo. Stoo wakanipa yale ya barabara kuu. Mwandike!

Mengine haya hapa, maana wachoraji hamshiki koleo.

Lami itandazwe kwa mashine. Njia ikiwa nyembamba mno mashine haiingii, tunatandaza kwa mkono na reki, na ya mkono ina mawimbi. Kwenye gari huyasikii, kwenye baiskeli unayasikia mikononi njia nzima. Vigae vya zege ni rahisi kufumua bomba likipasuka, hilo nakubali, lakini mizizi na maji vikipita chini vinakuwa meno. Msiweke vigae kwa sababu vinapendeza kwenye picha.

Mifuniko ya chemba. Mkichora njia juu ya mstari wa mifuniko mmeniletea msiba. Chuma kikilowa kinateleza, na tabaka la juu la lami likiongezwa baadaye kila mfuniko unakuwa shimo. Ama hamisheni njia nusu mita, ama mlipie kuinua kila mfuniko hadi usawa. Na nyavu za mtaro: zile zenye matundu marefu yanayofuata uelekeo wa safari zinameza tairi jembamba zima. Zigeuzwe zikae kwa kukatisha, au mtaro unywe maji kwa pembeni kwenye uso wa jiwe.

Kwenye mitaa ya pembeni, njia ya miguu na ya baiskeli zisishuke. Gari ndilo lipande. Tukijenga hivyo dereva anajua ameingia nyumbani kwa watu.

---

Mchora_Barabara

Fundi, nimenakili ujumbe wako mzima, nitaubandika ofisini. Niongeze moja: mlango wa gari. Ukipitisha njia kati ya magari yaliyoegeshwa na njia ya miguu, acha ukanda kama wa mita 0.9 kwa ajili ya milango. New York walipoanza mpango huu kwenye Ninth Avenue mwaka 2007, magari yaliyoegeshwa yakageuka kuwa ukuta wa kuwakinga waendesha baiskeli, na ukanda huo ndio uliofanya ukuta usiwe mtego.

---

Kibaraza

Swali la haraka, pikipiki zikianza kuingia kwenye njia mnazuia vipi? Nguzo katikati?

---

Gurudumu_Mbili

Nguzo katikati ndizo zilizomvunja jirani yangu mkono. Kundi la watu wanaendesha, wa mbele anaikwepa, wa nyuma haioni.

---

Mchora_Barabara

Gurudumu kasema. Waholanzi wenyewe wameng'oa nyingi kwa sababu hiyo. Kama lazima iwepo, iwe moja tu, ndefu ya kuonekana, yenye mistari ya kung'aa, na mstari mweupe uchorwe kutangulia mbele yake ili hata asiyeiona nguzo auone mstari. Nafasi kila upande iwe mita 1.5 ili baiskeli ya mizigo na ya magurudumu matatu zipite. Na tusijidanganye, nafasi inayopitisha baiskeli ya mizigo inapitisha pikipiki. Hapo ni kazi ya askari na kamera. Au pikipiki zitafutiwe sababu ya kutoihitaji njia hiyo. Zinaingia pale foleni inapozidi.

---

Fundi_Lami

Mchora, la mwisho kutoka kwangu. Tukianza kuchimba tuanze na mtaa upi?

---

Mchora_Barabara

Na ule ambao bomba la maji au nyaya za umeme zinabadilishwa hata hivyo. Omba ratiba za idara zote za chini ya ardhi kabla ya kutangaza zabuni, ziweke kwenye ramani moja, uone mitaa inayopandana. Ukijenga leo na watu wa maji wakaja baada ya miezi minane, njia yako itakuwa na kovu la kiraka cha zege toka mwanzo hadi mwisho, na hakuna atakayekirudisha kwa mashine.

Mitaa isiyo kwenye ratiba ifanywe ya muda. Paris mwaka 2020 waliweka njia nyingi kwa rangi na vizuizi ndani ya wiki chache, nyingi baadaye zikajengwa za kudumu. Faida ya njia ya muda ni kwamba unaona watu wanakata kona wapi kabla hujamwaga zege.

---

Gurudumu_Mbili

Vile vigingi vya plastiki lakini vinang'olewa mwezi wa kwanza.

---

Fundi_Lami

Vinang'olewa kwenye kona, kwingine vinakaa. Nipeni matofali mazito ya zege mita 20 za mwisho kila upande wa makutano, plastiki mkaitumie kwenye kipande kilichonyooka.